Padre Aliyeshindwa Wodini: Maisha ya Gregor Mendel

Katika malezi ya seminari tunahimizwa mapema kujitambua. Tunajifunza kuhusu hulka za watu: yuko mwenye hasira za karibu na yuko mpole, yuko anayechangamka penye watu wengi na yuko anayepata nguvu akiwa peke yake chumbani. Tunajifunza pia kuhusu tunu, yaani mambo ambayo mtu anayathamini kiasi cha kuyatolea muda, jasho na hata usingizi wake. Zoezi hilo ni jema, ila huacha swali ambalo wengi wetu hatulitamki. Itakuwaje mtu akigundua kwamba hulka yake haiendani na kazi anayoandaliwa kuifanya? Frateri anayetetemeka mbele ya umati, au anayeishiwa nguvu kila akiingia wodini, je, ana nafasi katika shamba la Bwana?

Swali hili haliwahusu mafrateri peke yao. Katika parokia zetu yumo mwalimu asiyeweza kupaza sauti, yumo muuguzi anayeogopa damu, na yumo katibu wa jumuiya ndogondogo anayeandika vizuri lakini hukosa maneno akiitwa kusimama mbele. Kwa ajili ya wote hao tumeona vema kusimulia maisha ya padre mmoja ambaye jina lake limo katika vitabu vya baiolojia vya sekondari, ingawa wanafunzi wengi hawajui kwamba alikuwa padre. Huyo ni Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, nasi hatumsimulii kama mtakatifu. Tunamsimulia pamoja na hofu zake na ukaidi wake, kwa kuwa hivyo viwili vina mengi ya kutufundisha.

Mtoto wa mkulima

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Dola ya Austria. Leo kijiji hicho kinaitwa Hynčice na kimo katika Jamhuri ya Cheki. Alibatizwa kwa jina la Johann. Wazazi wake, Anton na Rosine, walikuwa wakulima. Walikuwa na shamba lao, lakini kwa taratibu za ukabaila za siku zile baba alilazimika kumfanyia kazi bwana wa eneo lile siku tatu kila juma bila malipo. Muda uliobaki aliutumia kwenye shamba lake na kwenye miti yake ya matunda aliyoipenda sana. Paroko wao, Padre Johann Schreiber, alikuwa hodari wa kilimo cha matunda, na aliwahimiza wanakijiji kuboresha miti yao kwa kubebesha miche. Kwa hiyo Johann alikua akiona kwa macho yake kwamba mmea unaweza kuboreshwa na mtu mwenye subira.

Alikuwa mtoto wa kiume peke yake, akiwa na dada mkubwa, Veronika, na mdogo wa kike, Theresia. Kwa desturi, shamba lingekuwa lake. Lakini walimu na paroko waliona kwamba ana akili ya pekee, na wazazi wakakubali kumpeleka shule za mbali. Mwaka 1834 aliingia sekondari katika mji wa Troppau. Wazazi hawakuweza kumlipia chakula chote, hivyo mara nyingi alisoma akiwa na njaa.

Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya na gogo la mti, na tangu hapo hakuwa tena na nguvu za shamba. Johann, akiwa na miaka 16, alianza kujitegemea kwa kuwafundisha wanafunzi wenzake masomo ya ziada. Ndipo hulka yake ilipoanza kujionesha. Shinikizo lilipozidi na mahangaiko yakawa mengi, aliugua. Hakuwa mvivu, na alama zake zilikuwa nzuri, lakini wasiwasi ulipompanda ulimlaza kitandani kwa miezi. Jambo hilo lilimtokea sekondari, na likamtokea tena alipokuwa katika chuo cha falsafa mjini Olmütz, ambako alikatisha masomo na kurudi nyumbani kwa muda mrefu.

Aliyemwinua ni Theresia. Msichana huyu, aliyekuwa bado mdogo, alikubali kutoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake aendelee kusoma. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto wa kiume wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari. Tukitaka kujua tunu za mtu, tutazame madeni anayoyakumbuka wakati hakuna anayemdai.

Njia ya kuingia utawani

Mwaka 1843 mwalimu wake wa fizikia, Friedrich Franz, alimpendekeza kwa monasteri ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, katika jimbo la Moravia. Oktoba mwaka huo Johann alipokelewa akiwa na umri wa miaka 21, akapewa jina la kitawa la Gregor.

Miaka saba baadaye aliandika maelezo mafupi ya maisha yake kwa ajili ya watahini wa serikali, na humo alikiri wazi kwamba hali ya maisha ndiyo iliyomwamulia wito. Alikuwa amechoka kuhangaika na mkate wa kila siku, akatafuta mahali ambapo mahangaiko hayo hayatamfuata.

Ukweli huo unaweza kutushtua. Hatujazoea kusikia mtu akisema kwamba aliingia utawani kwa sababu alikuwa maskini na alipenda kusoma. Lakini tukiwa wakweli, hata katika seminari zetu wako walioingia kidato cha kwanza kwa sababu shule ilikuwa nzuri, au kwa sababu padre wa parokia aliwalipia ada. Walezi wenye hekima hawashangai. Wanajua kwamba nia ya mwanzo husafishwa njiani, kama mchele unavyopetwa. Mendel aliingia akitafuta utulivu wa kusoma, na akaishi utawani zaidi ya miaka 40, hadi kufa.

Monasteri ile ilimfaa. Watawa wake wengi walikuwa walimu na wasomi. Kulikuwa na maktaba kubwa na bustani ya mimea. Abate wao, Cyrill Napp, alikuwa mtu mwenye upeo mpana. Alifuatilia masuala ya kilimo na ufugaji, na alitaka kujua ni jinsi gani sifa za wazazi huwafikia wazao.

Padre na kitanda cha mgonjwa

Mendel alipewa daraja ya upadre mwaka 1847. Baada ya kumaliza masomo ya teolojia mwaka 1848, alipangiwa kazi za kichungaji katika parokia iliyokuwa chini ya monasteri. Sehemu ya wajibu wake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa na wanaokaribia kufa.

Hapo mambo yalimharibikia. Kila aliposimama karibu na kitanda cha mgonjwa alishikwa na woga asioweza kuushinda. Maumivu ya wengine yalimwingia mwilini, naye mwenyewe akaugua vibaya. Padre kijana aliyetumwa kuwafariji wagonjwa akawa wa kufarijiwa.

Tujiulize wakuu wengine wangefanya nini. Yuko ambaye angemwita ofisini na kumkumbusha utii. Yuko ambaye angesema mtoto wa mkulima amepata raha ya monasteri, sasa anakwepa kazi. Yuko ambaye angemwacha pale pale aizoee. Abate Napp hakufanya hivyo. Mwaka 1849 alimwandikia askofu, akamweleza kwamba Padre Gregor haifai kazi ile kwa sababu ya woga huo unaomlemea, na kwamba ameona vema kumpangia kazi ya kufundisha. Alimpeleka Znojmo, mji mdogo wa kusini, akawe mwalimu wa muda katika sekondari.

Tusimwelewe Napp vibaya. Hakusema kwamba kumpaka mgonjwa mafuta ni jambo la kuchagua, wala sisi hatusemi hivyo. Mgonjwa anayeomba padre usiku wa manane ana haki ya kumpata padre. Napp alichofanya ni kutofautisha kati ya mtawa asiyetaka na mtawa asiyeweza, na tofauti hiyo haionekani kwa kutazama ratiba ya kazi. Inaonekana kwa mkuu aliyeishi na mtu wake, akala naye mezani, akamwona akifurahi na akamwona akinyong'onyea. Napp alikuwa ameishi na Mendel miaka sita.

Kule Znojmo, mtu yule aliyenyong'onyea wodini alichangamka darasani. Alifundisha hesabu na lugha za kale, na wakuu wa shule wakaridhika naye sana. Wanafunzi aliowafundisha baadaye mjini Brno walimkumbuka kama mwalimu mpole, mwenye utani, anayeeleza jambo gumu hadi likaeleweka. Hili litufundishe kutowabandika watu majina haraka. Kama tungemwona Mendel wodini tu, tungesema ni mtu asiyeweza kukaa na watu. Kumbe aliweza sana kukaa na watu, ilimradi wawe vijana wenye maswali.

Mwalimu asiye na cheti

Ili awe mwalimu kamili ilimpasa kufaulu mtihani wa serikali. Alifanya mtihani huo mwaka 1850. Katika fizikia alifanya vizuri, lakini jiolojia na zoolojia zilimwangusha, kwa kuwa sehemu kubwa alikuwa amejisomea mwenyewe bila mwalimu. Watahini waliona ana uwezo, wakashauri apewe nafasi ya kusoma.

Abate Napp akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kwa gharama ya monasteri. Kati ya 1851 na 1853 Mendel alisoma fizikia kwa Christian Doppler, mwanasayansi mashuhuri wa mawimbi. Alisoma hisabati ya mipangilio kwa Andreas von Ettingshausen. Na alisoma maisha ya mimea kwa Franz Unger. Alirudi Brno akiwa na kitu ambacho wakulima na wataalamu wengi wa mimea hawakuwa nacho, yaani mazoea ya kuhesabu.

Mwaka 1854 alianza kufundisha fizikia na elimu ya viumbe katika shule ya ufundi mjini Brno, bado akiwa mwalimu wa muda. Mwaka 1856 alikwenda Vienna kujaribu mtihani kwa mara ya pili. Wasiwasi wake wa zamani ukamrudia. Hakuumaliza, akarejea nyumbani mgonjwa. Hakujaribu tena. Alifundisha katika shule ile kwa miaka 14 bila kupata cheti cha ualimu. Mtu ambaye leo anafundishwa katika shule za dunia nzima, yeye mwenyewe hakufaulu kuwa mwalimu aliyesajiliwa.

Bustani ya njegere

Mwaka uleule wa 1856, katika kipande cha bustani ya monasteri chenye urefu wa mita 35 na upana wa mita 7, Mendel alianza kazi iliyomfaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa amekusanya aina 34 za njegere, akazipima kwa miaka miwili kuhakikisha kila aina inazaa mfano wake bila kubadilika, kisha akachagua 22. Alizifuatilia katika sifa saba, miongoni mwake umbo la mbegu, rangi ya mbegu, rangi ya ganda na urefu wa shina.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuinama. Ua la njegere hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo Mendel alilifungua likiwa bado changa, akatoa kwa koleo ndogo sehemu zinazobeba chavua, akalipaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kifuko ili wadudu wasiliharibie hesabu. Baadaye alisubiri, akavuna, akabambua maganda, akahesabu punje moja moja. Akafanya hivyo kwa miaka minane, mpaka mimea aliyoipima ikafikia kama 28,000.

Alipochanganya njegere za mbegu za mviringo na za mbegu zilizokunjamana, wazao wote wa kwanza walikuwa wa mviringo. Ile sifa ya kukunjamana ilionekana kama imekufa. Lakini alipowaacha wazao hao wajichavushe, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Katika rangi alipata 6,022 za njano na 2,001 za kijani. Kila mara jibu lilikuwa karibu tatu kwa moja. Sifa iliyojificha haikufa. Ilikuwa inabebwa kimyakimya, na inarudi pale mzao anapoipokea kutoka pande zote mbili.

Si jambo la mbali na sisi. Mkulima anayenunua mahindi chotara anajua kwamba akipanda tena punje za mavuno yake, msimu unaofuata mahindi hayatafanana. Sababu ni kanuni ileile ya bustani ya Brno. Vilevile ugonjwa wa selimundu, unaozitesa familia nyingi katika nchi zetu, hufuata hesabu hiyo: baba na mama wakiwa wazima lakini kila mmoja amebeba chembe moja ya ugonjwa, katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya nne. Kwa sababu hiyo, wachumba wanaojiandaa kwa sakramenti ya ndoa hushauriwa kupima.

Kabla ya Mendel wako wengi waliochanganya mimea. Walitazama, wakastaajabu, wakaandika walichoona. Yeye alihesabu. Hulka iliyomfanya ashindwe wodini, ile ya mtu anayeguswa kwa kina na kila kitu kidogo, ndiyo iliyomwezesha kuinama juu ya maua kwa miaka minane bila kuchoka. Lakini hulka peke yake isingetosha. Tulia iwezavyo, bila tunu ya kuupenda ukweli mtu ataishia kuwa mkimya tu. Mendel alikuwa pia na shukrani kwa wakulima waliomlea, na aliamini kwamba Mungu aliyeumba njegere hakuziumba ovyoovyo, hivyo kanuni yake yaweza kutafutwa.

Ukweli hata usipompendeza

Februari na Machi 1865 Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha elimu ya viumbe cha Brno. Walihudhuria watu wapatao 40. Mwaka uliofuata makala yake ilichapishwa, naye akaagiza nakala 40 za pembeni na kuzituma kwa wataalamu. Karibu wote walinyamaza.

Aliyejibu kwa urefu ni Carl Nägeli, profesa wa mimea mjini Munich, ambaye hakushawishika. Waliandikiana kwa miaka kadhaa, na Mendel akaanza kufanyia majaribio mmea ambao Nägeli aliufahamu sana, uitwao Hieracium, wenye viua vidogo mno. Kazi hiyo iliumiza macho yake hadi akalazimika kupumzika. Baya zaidi, mmea huo haukufuata hesabu ya njegere. Wazao hawakugawanyika tatu kwa moja. Walifanana tu na mzazi.

Alikuwa na njia rahisi ya kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimsubiri. Lakini mwaka 1869 alisimama mbele ya chama kilekile akasoma matokeo hayo, akasema wazi kwamba hayapatani na yale ya njegere, na mwaka 1870 yakachapishwa. Alikufa bila kujua sababu. Baadaye iligunduliwa kwamba Hieracium mara nyingi hutoa mbegu bila kuchavushwa, kwa hiyo majaribio yake hayakuwa na machotara ya kweli ya kutosha. Hakuwa amekosea katika kuhesabu wala katika kusema. Kwetu sisi tunaoandaa tasnifu na taarifa za kichungaji, ukurasa huu wa maisha yake una thamani sawa na ule wa njegere.

Hulka ileile, upande wa pili

Abate Napp alifariki mwaka 1867. Machi 1868 watawa walimchagua Mendel kuwa abate. Alitumaini kwamba cheo kitampa nafasi zaidi ya utafiti. Kilimnyang'anya hata ile aliyokuwa nayo. Alijaza siku zake kwa vikao, mashamba ya monasteri, misaada na shughuli za benki. Nyuki wake na vipimo vya hali ya hewa hakuviacha. Vipimo hivyo aliendelea kuviandika hadi karibu na kifo chake. Alitoa pia fedha za kujenga kituo cha zimamoto katika kijiji alichozaliwa. Lakini njegere ziliishia hapo.

Mwaka 1874 serikali ya Austria ilitunga sheria ya kuzitoza monasteri fedha nyingi kwa ajili ya mfuko wa dini, ambao uligharimia mahitaji ya Kanisa na mapadre wa parokia. Mendel aliona sheria hiyo si ya haki, na kwamba serikali haina mamlaka ya kuigusa mali ya monasteri kwa namna ile. Akakataa kulipa. Monasteri nyingine zilinung'unika, kisha zikalegeza. Yeye hakulegeza. Serikali ikashika mapato ya mali za monasteri; yeye akaandika barua baada ya barua. Marafiki wakajaribu kumsuluhisha, akawaona kama wametumwa. Ubishi ule ulidumu miaka kumi, ukamla afya na furaha.

Hatuna haja ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Huenda hoja yake ilikuwa na uzito. Tunachoona ni kwamba uvumilivu uliompa ushindi bustanini ndio uliomfunga ofisini. Bustanini alikuwa tayari kuambiwa na punje za njegere kwamba amekosea. Ofisini hakubaki na mtu wa kumwambia. Alipokuwa kijana alikuwa na Napp juu yake, mtu aliyemjua na kumsimamia kwa upendo. Alipokuwa abate mwenyewe, hakukuwa na Napp mwingine, au kama alikuwapo, hakumsikiliza. Watu wa karibu waliobaki kumtuliza walikuwa wale watoto wa Theresia, waliokuwa wakisoma Brno na kuja kucheza naye sataranji.

Mendel alifariki tarehe 6 Januari 1884, Sherehe ya Epifania, kwa ugonjwa wa figo. Muziki wa misa yake ya mazishi uliongozwa na Leoš Janáček, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri. Waliokusanyika walimlilia abate mkarimu na mwalimu mwema. Hawakujua kwamba wanamzika mwanasayansi mkubwa. Mrithi wake alimaliza ugomvi wa kodi, na nyaraka nyingi za Mendel zikachomwa moto. Mwaka 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa njia yake, walifikia matokeo yaleyale, wakakuta kwamba mtawa mmoja wa Brno aliyatangulia kwa miaka 34.

Tunalobaki nalo

Kwa mafrateri wenzetu tunasema: msiifiche hulka yenu kwa walezi. Wako wanaojifanya wachangamfu kwa miaka tisa ya malezi, kisha wanavunjika mwaka wa kwanza wa utume. Mkuu hawezi kumpanga vizuri mtu asiyemjua. Mwambie mlezi wako kile kinachokuogopesha, naye atakusaidia kupambanua kama ni woga wa kushindwa kwa mazoezi na sala, au ni mpaka halisi wa maumbile yako.

Kwa walezi na wakuu tunaomba uangalifu wa Abate Napp. Yeye hakumfanya Mendel kuwa mtu mwingine. Alimhamisha kutoka mahali alipokuwa akinyauka, akamsomesha, akamjengea na nyumba ya kioo ya kuoteshea mimea. Bila uamuzi ule wa mwaka 1849, pengine Brno ingekuwa na padre mmoja zaidi aliyekufa kwa mfadhaiko, na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Kwa waamini tunasema: mnapomwona padre wenu ni hodari wa mahubiri lakini mzito wa kutembelea, au msikivu wa maungamo lakini mkimya sherehani, msianze kwa kulinganisha na aliyemtangulia. Mtume Paulo alikwisha kuwafundisha Wakorinto kwamba mwili una viungo vingi, na jicho halilaumiwi kwa kutotembea. Muulizeni anahitaji msaada gani mahali anapopungukiwa, mkampe.

Na sisi sote, tuliofika mahali tulipotamani na tunaosikilizwa kuliko tunavyosikiliza, tujitafutie mtu wa kutuambia ukweli kabla uvumilivu wetu haujageuka ukaidi. Mendel alijua kuzisikiliza njegere. Laiti katika miaka yake kumi ya mwisho angekubali kumsikiliza hata ndugu mmoja.